Shida Iko kwenye Mayai

Ndevu zangu za kwanza zilitoka nikiwa kidato cha tatu, chini ya kidevu, upande wa kushoto. Baba yangu, Owino, ambaye wakati huo alikuwa bado anafanya kazi reli, alizitazama tukinywa chai akasema mwanamke mwenye ndevu hutajirika. Nilisubiri. Baba amestaafu sasa, amerudi Ugenya, ndevu zimeshafika upande wa kulia, na utajiri bado uko njiani.

Uso wa mwanamke hapa mtaani Mbotela ni kama ukuta wa duka. Kila mpita njia ana ruhusa ya kubandika tangazo lake. Chunusi ziliponijaa taya lote hadi mgongoni, niliambiwa niache mafuta, nioge mkojo wa mtoto mchanga, niolewe. Shingo yangu ilipopiga weusi kwa nyuma, weusi mnene kama wa sufuria ya kuni, hakuna aliyeshauri kitu. Walimtazama mama tu. Mama akaelewa. Jumamosi moja alinikalisha uani, mbele ya majirani wote, akanisugua shingo kwa limau na jiwe la kusugulia nyayo, ili ionekane wazi kwamba nyumba yetu ni nyumba ya watu wanaooga. Damu ilitoka. Weusi haukutoka.

Baadaye mtu mmoja wa soko la Muthurwa alimuuzia mama krimu kwenye kikopo kisicho na karatasi. Ngozi ilibambuka kama ganda la kiazi, kisha ikarudi nyeusi kuliko mwanzo. Yule mtu alihamisha meza yake. Meza za Muthurwa ni nyingi, lakini mimi pia nina muda. Kila nikipita pale huwa natazama sura.

Nywele za kichwani nazo zilifanya kinyume cha zile za kidevuni. Jacklyne, anayenisuka tangu shuleni, alifika katikati ya kichwa siku moja akasimamisha mikono.

"Mo, hapa juu watu wamehama," akasema.

Hedhi yangu ilikuwa kama mfereji wetu wa maji: ikikatika hakuna anayeeleza kwa nini, na ikirudi inafurika. Sikumwambia mtu. Corona ilipokuja niliipokea vizuri, Mungu anisamehe, kwa sababu ilileta barakoa. Wengine walipozivua, mimi niliendelea kuvaa. Wakasema nina kifua kikuu. Nikawaacha waseme. Kifua kikuu kina heshima kuliko ndevu.

Sasa lazima nieleze kuhusu mama, kwa maana bila yeye hakuna kesi. Mama anaitwa Lenah, lakini hilo jina linatumika kanisani tu. Kwingine anaitwa Mama Mayai. Anauza mayai ya kuchemsha pale steji yetu ya matatu, kando ya mlingoti wa taa, yai linapasuliwa katikati na kujazwa kachumbari na pilipili. Nafasi ile aliipata mwaka vibanda vilipovunjwa. Wenzake walikuwa bado wanalia kwenye mabati, yeye akarudi asubuhi yake na sufuria. Sheria ya steji haijaandikwa popote na haijawahi kuvunjwa: nafasi ikikaa tupu wiki nzima, si yako tena. Ng'ambo ya barabara kuna Wandera na mkokoteni wake wa soseji. Wandera ni mtu mpole. Amekuwa akiitazama nafasi ya mama kwa upole kwa miaka mingi.

Mayai yaliyopasuka kabla ya kuuzwa tuliyala sisi. Nimelelewa kwa mayai. Kumbuka hilo, kwa sababu mama alilikumbuka.

Jacklyne ndiye aliyenituma kliniki. Alikuwa na mteja mwingine mwenye kichwa kama changu, ambaye aliambiwa na daktari kwamba kosa si la rasta. Nikaenda kliniki moja kule karibu na reli. Mlango wa chumba cha daktari hauna kitasa, kwa hiyo unakaa nusu wazi, na benchi la kusubiri liko pale pale nje. Kwenye benchi alikuwapo Mama Okinyi, jirani yetu, mwenyekiti wa kina mama, amefunga skafu yake shingoni kama kawaida, akingoja dawa zake za presha. Aliniuliza nasumbuliwa na nini. Nikasema kikohozi.

Daktari alikuwa kijana, Daktari Mativo, mtu mwenye adabu. Alinipima, akanituma nikapigwe picha ya tumbo, nikarudi nayo, akaanza kunieleza kwa Kiingereza. Jina la ugonjwa lilikuwa herufi nne. Nikamwomba anieleze kwa Kiswahili, kwa sababu nilitaka kumpelekea mama, na mama hawezi kupelekewa herufi.

Alitazama dari. Nadhani huko chuoni hawakufundishwa sehemu hiyo. Kisha akasema polepole, na kwa sauti, kama anayemwelekeza mgeni njia:

"Shida iko kwenye mayai. Kila mwezi yai moja linafaa likomae, litoke. Yako hayakomai, yanajazana tu. Halafu homoni za kiume zinazidi. Ndiyo unaona ndevu, unaona chunusi, nywele za kichwa zinapungua."

Nikamwonyesha shingo. Akasema hiyo ni alama kwamba mwili wangu hautumii sukari vizuri, kwamba hutokea kwa wengi wenye shida hii, na kwamba si uchafu. Nikamwomba arudie hapo. Akarudia. Si uchafu. Maneno mawili tu. Nilisuguliwa uani kwa jiwe kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuyasema.

Akaniambia pia kwamba shida hii mara nyingi hutembea ndani ya familia, na kwamba mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote tayari. Nilipotoka na karatasi yangu ya dawa, benchi lilikuwa tupu. Mama Okinyi alikuwa ameondoka bila dawa zake za presha.

Nilipitia soko la Burma kununua mboga. Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imefika, imekaribishwa, imekunywa chai. Daktari mwenyewe amesema, kwa mdomo wake, kwamba Maurine ameota ndevu kwa sababu ya mayai. Mama Okinyi alikuwapo. Alisikia mayai, akasikia homoni, akasikia ndevu, akaunganisha. Tena mayai anayouza Lenah si ya kienyeji, ni ya kizungu, ya kuku wanaodungwa sindano wakue haraka. Ndiyo maana mtoto wake amekua haraka akapitiliza akawa mwanamume. Na kama hamwamini, mwambieni avue ile barakoa.

Kesho yake wateja walivuka barabara. Waliagiza soseji kwa Wandera huku wametupa mgongo, na Wandera akawahudumia kwa upole. Jioni sufuria ilirudi nyumbani nzito kama ilivyotoka.

Mama hakupiga kelele. Aliniambia nivue barakoa nikae karibu na dirisha. Akanitazama kidevu, taya, shingo, kwa muda mrefu, kama anayekagua trei ya mayai kabla ya kuichukua. Halafu akaniuliza nikiwa mtoto nilikuwa nakula mayai mangapi kwa siku. Hakungoja jibu. Alikuwa nalo.

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, nilikuwa nimefanya mazoezi njia nzima.

"Si mayai yako, mama. Ni mayai yangu."

"Yako uliyatoa wapi kama si kwangu?"

Jibu la daktari nilikuwa nalo, lakini lilikuwa upande wa mama.

Asubuhi hakuwasha jiko. Aliosha sufuria, akaifunika juu ya kabati mdomo chini, akakaa kitandani akitazama mikono yake. Nimemjua mama katika njaa, katika moto uliochoma mabati yetu, katika siku tuliyozuiliwa langoni mwa hospitali kwa kukosa karatasi. Sijawahi kumwona amekaa asubuhi. Nilimwambia nafasi yake itachukuliwa. Akasema bora ichukuliwe. Akasema kama amelisha mtoto wake sumu kwa mkono wake mwenyewe, huyo mkono hauna kazi ya kwenda steji.

Nilipopita pale siku iliyofuata, mkokoteni wa Wandera ulikuwa umevuka barabara. Nikamuuliza. Alisema amefuata kivuli. Pale kwenye mlingoti hakuna kivuli. Hakijawahi kuwapo.

Aliyeokoa biashara alikuwa Frankline, na sikumshukuru. Frankline ni kinyozi, kijana mrefu mwenye kidevu laini kama sahani. Ndevu ndizo fasheni siku hizi, na yeye anawanyoa wenzake huku hana za kwake. Alibisha mlango wetu.

"Niaje Mo. Mathe anauza leo?"

Nikamuuliza anataka nini kwa mama. Akasema mayai. Hakuwa ananitazama machoni, alikuwa ananitazama barakoa kana kwamba inaonyesha ndani.

"Yale ulikuwa unakula wewe," akasema, kwa heshima kabisa.

Nyuma yake walikuwa wenzake, wamepanga foleni hadi kwenye kamba za nguo.

Mama alisikia. Alifikiri, akateremsha sufuria. Mantiki yake ilikuwa safi na ilinichoma moyo. Mwanamume ameumbwa awe na ndevu, akasema, kwa hiyo mayai hayawezi kumdhuru. Jioni hiyo alirudi steji, akapanga jiko lake mbele ya mkokoteni wa Wandera, ambao ulirudi ng'ambo ukifuata kivuli kingine. Vijana wakaja. Walikula mayai wakijipapasa taya kati ya yai na yai. Biashara ikawa nzuri kuliko zamani. Frankline alishauri nisimame pale bila barakoa, kama mfano. Mama alimtazama mpaka akakumbuka ana kazi kwake.

Lakini alikataa kuwauzia wanawake. Aqsa, binti wa Twalib mwenye duka la nafaka, alikuja akitoka madrasa na sarafu mkononi kama kila siku. Mama alimwambia mayai yameisha. Sufuria ilikuwa imejaa, mvuke unatoka. Mtoto alitazama sufuria, akamtazama mama, akaondoka. Nilikuwa nimesimama pale nikikata vitunguu vya kachumbari. Mama Okinyi angeweza kusema hadi meno yamtoke na bado ungekuwa uvumi. Sasa uvumi ulikuwa na shahidi, na shahidi alikuwa mama yangu, na kila alipomrudisha msichana alikuwa anatoa ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Jumapili baada ya ibada kulikuwa na mkutano wa wakaazi kwenye kiwanja. Ajenda ilikuwa nyumba mpya tulizoahidiwa. Tumeahidiwa hizo nyumba tangu nikiwa tumboni, kwa hiyo ajenda haikuchukua muda. Twalib ndiye alikuwa mwenyekiti. Walipofika kwenye mengineyo, Mama Okinyi alisimama. Alisema hana ubaya na mtu. Alisema Lenah ni dada yake katika Kristo. Alisema hata hivyo watoto wetu wa kike wanapita pale steji kila siku, na hata mwenye mayai mwenyewe sasa hawauzii, jambo ambalo wenye akili wameliona. Akapendekeza aombwe kutafuta mahali pengine. Wandera aliunga mkono kabla hajamaliza.

Wakageuka kumtazama mama. Mama alisimama, akakunjua leso kiunoni, akaifunga tena.

"Nitaondoka," akasema. "Sitaki mtoto wa mtu apatwe na yaliyompata wangu."

Hapo ndipo niliposimama mimi.

Nilivua barakoa. Sikuwa nimenyoa tangu Alhamisi. Watu waliokuwa nyuma walisogea mbele bila kuona haya, kama wanaotazama ajali. Niliwaacha washibe kwanza. Halafu nikasema mayai aliyoyataja daktari si ya kuku. Nikaweka mkono chini ya kitovu. Nikasema ni haya.

Mchungaji alipata kitu cha kutazama kwenye viatu vyake. Twalib alikohoa akaniomba, kama binti yake, nitumie neno la staha. Nikamwambia, mzee, nipe hilo neno nilitumie. Alifikiri. Alifikiri kwa dhati, maana ni mtu wa haki na Kiswahili ndicho alichozaliwa nacho. Tulimngoja wote. Mwishowe akasema niendelee.

Nikaendelea. Nikasema kila mwanamke aliyekaa hapa anayo, kuanzia siku ya kuzaliwa, na yangu yamegoma kutoka, na yakigoma hivyo ndevu hutoka, chunusi hutoka, nywele huondoka, shingo hupiga weusi. Nikageuka nikawaonyesha shingo. Nikasema si uchafu. Nikalirudia hilo, kama daktari alivyolirudia.

Kisha nikamgeukia Mama Okinyi, kwa sababu kuna mambo nilikuwa nimemwekea. Nikamkumbusha mwaka zilipowekwa taa ndefu za mulika mwizi, aliposimama hapa hapa akasema zitakausha maziwa ya kina mama. Nikamkumbusha chanjo, na zile pembe alizosema zitatuota, ambazo hadi leo tunazingoja. Nikamkumbusha ile Jumamosi niliposuguliwa uani, yeye ndiye aliyetoa limau. Alisema nina kumbukumbu ya ubaya. Nikasema ndiyo, lakini ubaya wenyewe sikuuleta mimi.

Frankline aliinua mkono kama yuko darasani.

"Kwa hivyo mayai ya mathe hayaoteshi ndevu?"

"Hayaoteshi."

Alijipapasa kidevu. "Na nilikuwa nimeanza kuskia kitu," akasema, na watu wakacheka, na kicheko kile kilinisaidia kuliko mchungaji.

Mama hakucheka. Alikuwa bado amesimama pale pale alipokuwa, leso mkononi sasa. Aliniuliza kwa sauti ya chini, lakini kiwanja kizima kilisikia.

"Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe, mama."

Akakaa. Alikaa vibaya, kama mtu aliyeondolewa mzigo kichwani bila kuambiwa. Lile jingine alilosema daktari, la shida inayotembea ndani ya familia, sikulisema. Nyanya yangu wa Ugenya, mama yake baba, nilimwona nikiwa mdogo, na nakumbuka alivyokuwa akinibusu, na kwamba kidevu chake kilikuwa kinachoma. Mama naye anakumbuka. Hajauliza. Akiuliza nitajibu.

Pendekezo la Mama Okinyi halikupigiwa kura. Twalib alisema mengineyo yameisha. Jioni alimtuma Aqsa steji na sarafu zake, akasimama mlangoni pa duka lake kutazama, na mama akampasulia mtoto yai kubwa kuliko yote, akaongeza kachumbari mpaka ikamwagika.

Vijana hawakuacha kuja. Frankline anasema madaktari hawajui kila kitu. Anasema alichokiona kwa macho amekiona. Mama hamsahihishi. Anayetaka kununua ndevu, anasema, anunue, mradi asidai arudishiwe. Mimi nameza dawa zangu. Chunusi zimeanza kuondoka, ndevu bado zinafikiria, na daktari alishanionya kwamba nywele ni kitu cha miezi mingi. Siku nikitaka kunyoa nanyoa. Siku nisipotaka, nasimama pale kando ya jiko na ndevu zangu, na wapita njia wabandike matangazo yao. Barakoa mama anaitumia kushikia sufuria ikiwa ya moto.

Wiki iliyopita Mama Okinyi alikuja. Tangu ule mkutano alikuwa akila kwa Wandera. Jua lilikuwa kali na skafu yake ilikuwa shingoni, imefungwa mara mbili. Aliagiza yai moja, bila pilipili. Hakulila. Alilishika tu, na wateja wengine walipoondoka akasema ana mpwa wake huko Donholm, msichana ana shingo fulani hivi, na hedhi yake haieleweki. Huyo daktari wa siku ile, akauliza, anapatikana lini?

Nilikumbuka limau. Nilikumbuka benchi lililokuwa tupu. Mama alikuwa anamenya yai kando yangu, na vidole vyake vilisimama.

Nilimwambia Alhamisi, kwa sauti ya chini. Nikamwambia pia kwamba huyo mpwa akiingia ndani, auzuie mlango kwa mguu, maana kitasa bado hawajaweka.